Mashine ya Akko

Mashine ililia tii-tii-tii kama kifaranga aliyepotezana na mama yake, kisha ikanyamaza. Skrini ilibaki nyeusi. Habibo aliizima, akapuliza vumbi nyuma yake, akaiwasha tena. Ikalia vilevile.

"Imekufa?" mama mkwe wake akauliza kutoka kitandani.

"Haijakufa, Akko. Imekataa tu."

"Basi ina akili kuliko watu wa nyumba hii. Hata mimi nimekataa. Alhamisi lori la Merti likiondoka, niko juu yake."

Kila mtu katika chumba hicho cha kupanga pale mtaa wa Bulla Pesa alimwita Akko, yaani nyanya, kwa ajili ya mtoto Raho ambaye hata kulitamka neno hilo hakujua bado. Jina lake lilikuwa Qabale, lakini mkaza mwana wa Kiborana hatamki jina la mama mkwe wake, na Habibo, ingawa alizaliwa na kulelewa mjini, heshima hiyo aliishika.

Akko aliletwa kutoka Korbesa, kijiji cha upande wa Merti, akitema damu. Ilikuwa TB, na ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza alipewa dawa za miezi sita, akapata nafuu mapema, akaona hakuna haja. Ng'ombe walipohamia fora, huko mbali wanakofuata nyasi, naye aliwafuata, vidonge akaviacha kwenye sanduku. Ugonjwa ukarudi umeota pembe. Safari hii daktari hakumumunya maneno. "Mama, hata mara hii ya pili mwili wako umekubali dawa. Ukiikatiza tena, ya tatu mimi siahidi kitu." Ndiyo maana mwanawe Jattani alikataa katakata arudi nyumbani kabla ya kumaliza dozi, na ndiyo maana kila asubuhi Habibo alisimama mbele yake na bilauri ya maji, akimwangalia koo.

Kifua sasa kilikuwa kinapona. Kilichokuwa kinamuua ni kukaa. Alikaa kitandani akitazama mabati, akisikia wapangaji wakigombania mfereji, akiuliza saa ngapi, akiambiwa, akiuliza tena. Runinga ya jirani hakuitaka: watu wenye tai wakibishana kwa Kiingereza. Simu nayo aliisogeza usoni, akaisogeza mbali mpaka mkono ukaisha, asione ila ukungu. Macho yake yalikuwa ya mbali. Mbuzi aliye ng'ambo ya barabara alimjua kwa alama ya sikio, lakini mawe ndani ya mchele, pale mapajani, hakuyaona.

Habibo alikuwa akisoma kompyuta katika masomo ya jioni. Siku moja mwalimu alisema kuwa mashine kuukuu, hata iliyokwisha nguvu, inaweza kugeuzwa sinema ya nyumbani ikiwekewa programu nyepesi na isipewe kazi nyingine. "Ni kama punda mzee," mwalimu alisema. "Usimfunge mkokoteni wa mawe. Mpe mtungi mmoja wa maji, atafika." Darasa lilicheka. Habibo hakucheka. Alikuwa tayari anaiona skrini kubwa juu ya meza yao, na Korbesa yote ndani yake, na Akko akimeza vidonge huku macho yakiwa mtoni.

Alipomwambia Jattani, alijiandaa kwa vita. Jattani ni dalali katika soko la mifugo, na dalali hatoi shilingi bila kuiuliza inakwenda wapi. Lakini siku hiyo alitia mkono mfukoni, akatoa pesa, akampa bila hata kuzitazama.

"Nunua," alisema. "Kama itamfanya atulie, nunua."

* * *

Duka la Kiugu, fundi aliyemuuzia mashine, lilikuwa limejaa watu waliokuja kutengenezewa simu. Habibo aliingia na mashine kifuani, Raho mgongoni, jasho likimshuka chini ya hijabu.

"Salaam aleikum. Hii kitu uliniuzia haiwaki."

"Aleikum salaam, mathe." Kiugu hakuinua kichwa. "Si nilikwambia hiyo ni ya kitambo? Ilitoka kwa cyber iliyofungwa. Huko kwenyewe walikuwa wanaitumia kuzuia mlango."

Watu wakacheka. Habibo naye akatabasamu kidogo, kama mtu anayelipa kodi.

"Nimeifungua nikaisafisha. Nikatoa ile memori, nikaisugua na raba vile tulifundishwa. Nikarudisha."

Kiugu aliifungua pale pale mbele ya watu. Akachungulia, akamtazama, akaweka kidole gumba juu ya kile kipande cha memori, akakisukuma. Kikalia ta! Akawasha. Mashine ikalia mara moja tu, skrini ikang'aa.

"Hukuwa umeisukuma ikaingia. Ulisomea wapi, mathe?"

"Hapo chuoni. Masomo ya jioni."

"Ndio maana," Kiugu akasema, akigeukia wateja wake. "Kulikuwa na giza."

Safari hii waliocheka walicheka mpaka nje. Habibo aliikusanya mashine yake pamoja na aibu yake, akashukuru, akatoka. Njiani alikuwa akijisemea: imewaka, wewe. Wacha wacheke. Imewaka.

* * *

Kuwaka hakukuwa kufanya kazi. Betri yake ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila ilipozimwa iliamka ikidhani ni mwaka wa zamani ambao Habibo alikuwa bado mtoto, anacheza mchezo wa kati. Feni yake ilikoroma kama mtu aliyekula ugali mwingi. Na video zilizopigwa kwa simu za siku hizi zilikuwa nzito kwake: picha ilitembea hatua mbili ikasimama, ikatembea ikasimama, sauti ikitangulia peke yake. Mwalimu akamwelekeza namna ya kuzipunguza uzito moja moja. Kazi hiyo ilichukua mchana mzima kwa video moja tu ya harusi, na stima ilipopotea ikiwa imebaki kidogo, ilibidi aanze upya. Ilipotea tena. Akaanza upya. Raho akachomoa waya akitafuta cha kutafuna. Siku hiyo Habibo alikaa sakafuni akalia, si kwa sababu ya waya, kwa sababu ya yote.

Video zenyewe alipewa na mumewe, ambaye alitumiwa na ndugu yake Dida, mchunga ng'ombe kule Korbesa. Harusi ya binamu. Watoto wa shule wakiimba. Mvua ya kwanza ikipiga vumbi. Ng'ombe mtoni.

"Tumia hizo tu," Jattani alimwambia. "Usimsumbue Dida. Bando huko ni shida."

Hatimaye siku ikafika. Habibo aliigeuza skrini ikatazama kitanda, akafungua mlango hewa iingie kwa ajili ya ile feni, akabonyeza. Mvua ikaanza kunyesha Korbesa. Akko alikuwa amelala ubavu. Akainuka kwa kiwiko, kisha akakaa kabisa.

"Huo ni mti wa kwa Dida," akasema. Kisha sauti yake ikabadilika: "Na huyo mpumbavu ameacha ndama nje kwenye mvua. Dida! Wewe!"

Asubuhi iliyofuata alimeza vidonge bila kuambiwa. Alhamisi ikaja, lori la Merti likaondoka, Akko hakulitaja. Habibo alitembea kwenda chuoni jioni hiyo kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Lakini furaha ya maskini haina miguu mirefu. Baada ya muda Akko alizijua zote kwa moyo.

"Hawa ng'ombe ni wagonjwa?" aliuliza. "Kila siku wanakunywa maji yale yale, wanageuka pale pale."

"Ni picha ya siku nyingi, Akko."

"Mimi sitaki ya siku nyingi. Hata mimi mwenyewe ni wa siku nyingi. Nataka kujua leo wamekula nini. Kama hakuna ya leo, nirudishe nikaone na macho." Akaanza tena kuuliza habari za lori.

Habibo alimwomba Jattani. Jattani akasema kesho. Kesho akasema Dida yuko fora, hana mtandao. Ndipo Habibo, kwa nia njema tu, akampigia Dida mwenyewe, akamkuta mtandaoni bila shida yoyote.

"Shemeji, nipigie ng'ombe wakinywa maji leo. Wote. Akko ana hamu."

"Lakini mama haoni simu," Dida alisema.

"Wewe tuma tu."

Akatuma. Alijua mama yake haoni simu. Habari za mashine hakuna aliyempa.

* * *

Ilikuwa alasiri, Jattani hajarudi kutoka sokoni. Video ya Dida ilikuwa nzito, na kuipunguza kungekula mchana mzima, na Akko alikuwa ameshajipanga kitandani, shali mabegani, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi. Habibo akasema moyoni, acha nijaribu hivi hivi.

Vumbi lilionekana kwanza. Kisha ng'ombe wakateremka ukingoni, wakasambaa majini. Sauti ya mluzi wa Dida ikasikika. Hapo mashine ikalemewa. Picha ikaganda, ng'ombe wote wakiwa wameinamisha vichwa, mto umesimama, hata mbwa mguu mmoja juu. Feni ikaanza kukoroma.

"Ngoja, Akko, itasonga."

"Iache!" Akko alisema. "Usiiguse."

Aliteremka kitandani. Akasimama katikati ya chumba, pale macho yake yalipoona vizuri zaidi, akanyoosha kidole. Hakuwahesabu. Ng'ombe hawahesabiwi, anayewahesabu anaviita vifo. Mtu huwajua tu, kama anavyojua meno yake kwa ulimi. Kidole chake kilipita polepole kutoka kwa mwekundu hadi kwa mwenye madoa, kutoka kwa madoa hadi kwa yule dume mwenye pembe moja, na mdomo wake ukiwaita kimya kimya. Kilipofika mwisho kikarudi mwanzo. Kikapita tena.

"Daalatti yuko wapi?"

"Nani?"

"Ng'ombe wangu wa kijivu. Daalatti."

Kwa Habibo ng'ombe walikuwa ng'ombe. "Labda yuko nyuma, Akko, kamera haikumfikia."

"Daalatti hajawahi kuwa nyuma tangu azaliwe. Yeye ndiye anayeingia majini kwanza, wengine wanamfuata. Tazama aliyetangulia ni nani. Tazama ndama wake yuko wapi, ameshikamana na mama wa mwenzake kama ombaomba." Akageuka. "Mama Raho, ng'ombe wangu amekufa?"

"Wallahi sijui."

Na kweli hakujua. Lakini pale pale alizikumbuka zile pesa zilizotoka mfukoni bila kutazamwa.

Jattani aliingia na harufu ya soko. Aliiona skrini kwanza. Kisha akamwona mama yake amesimama.

"Aayo, mama yangu, mbona umesimama? Utachoka."

"Ni ukame au ni simba?"

Jattani alivua kofia, akaivaa tena. "Ni sisi," alisema mwishowe. "Ulikuwa unakufa, Aayo. Gari la kukutoa Korbesa, lilitaka pesa. Kulazwa, kulitaka pesa. Dawa ni ya bure, lakini kuifikia hiyo dawa si bure. Mnunuzi alimtaka yeye, alikuwa na mwili. Wengine wamekonda."

"Nani alimuuza?"

"Dida alimleta mpaka hapa sokoni."

"Sikuuliza nani alimleta."

"Mimi."

"Ulimshika mkia ukamsukuma kwenye lori. Wewe. Maziwa ya nyanya yake ndiyo yaliyokutoa meno." Akko alisema bila kupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na kila asubuhi nikikuuliza Daalatti anaendeleaje, unaniambia hajambo, anakusalimia. Anakusalimia! Ng'ombe aliyeliwa Nairobi ananisalimia."

"Niliogopa utakata tamaa."

"Pesa iliyobaki?"

Macho ya Jattani yalikwenda yenyewe mezani, na macho ya mkewe yakayafuata, na ya mama yake yakafuata ya wote wawili.

"Oo," Akko akasema. "Kumbe Daalatti huyu hapa. Anakoroma."

* * *

Alhamisi asubuhi Akko alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mzigo wake umefungwa kwa shuka, fimbo juu ya magoti. Vidonge hakuvigusa tangu ile alasiri. Jattani alikuwa amechuchumaa mbele yake uani, mbele ya wapangaji wote wenye ndoo zao, dalali mzima anayepigiwa simu na wafanyabiashara wakubwa, akibembeleza kama mtoto.

"Aayo, nipige. Nipige hiyo fimbo, lakini usiende."

"Nikupige kwa nini? Wewe ni mtu mkubwa. Una soko."

"Huko fora hakuna zahanati!"

"Huko fora hakuna mtu wa kuniambia ng'ombe ananisalimia."

Habibo alikuwa ndani, anamnyonyesha Raho na kuyasikia yote. Alikuwa na hasira na mumewe, na hasira na ile mashine, na zaidi hasira na nafsi yake iliyompigia Dida. Alimweka mtoto chini. Akachukua vidonge na bilauri, akatoka, akafanya jambo ambalo mkaza mwana hafanyi: alimpita mumewe, akakaa chini vumbini, akamtazama mama mkwe machoni.

"Akko, mimi sikujua. Lakini ile mashine ni mimi niliyeitaka, kwa hiyo katika nyama ya Daalatti mimi pia nimekula. Nisamehe."

Akko akaigeuza fimbo juu ya magoti.

"Huyu mwanao amekudanganya, na ni vibaya. Mimi mke wake nasema ni vibaya. Lakini sikiliza. Daalatti hakuuzwa kwa harusi wala kwa miraa. Aliuzwa kwa kifua chako. Hiyo pumzi unayovuta hapo ukitugombeza, ndiyo bei yake. Ukienda na kuacha dawa, ukifia fora, basi tumemuuza bure. Jattani amekunyang'anya ng'ombe mara moja. Wewe utamtupa mara ya pili."

Uani mfereji ulimwaga maji kwenye ndoo iliyokwisha jaa, na hakuna aliyeufunga.

"Nani amekufundisha kusema hivi?" Akko akauliza. "Hayo masomo ya jioni?"

"Hapana, Akko. Ni hasira."

Akko akanyoosha mkono, kiganja juu. Habibo akaweka vidonge. Akavimeza kimoja kimoja, akikunja uso kwa kila kimoja, na kwa mara ya kwanza Habibo hakumwangalia koo.

"Jattani," Akko akasema.

"Ndiyo, Aayo."

"Inuka. Lori linaondoka. Utapanda wewe. Mzigo wangu huo, una nguo za msimu wa baridi, mpelekee mke wa Dida. Ukifika usilale. Nenda mpaka mtoni, mtafute yule ndama wa Daalatti, mtenge na wale wanaomsukuma. Ukae naye mpaka apate mama wa kumnyonyesha. Ukirudi hapa, mimi nitakuuliza anaendeleaje. Na wewe utanijibu."

"Lakini kesho ni siku ya soko, Aayo..."

"Kwani soko limeishiwa ng'ombe wa kuuza?"

Wapangaji waliinamia ndoo zao kuficha vicheko. Jattani aliutwaa mzigo, akautia begani. Alisimama kidogo akimtazama mkewe, kama anayetaka kutetewa. Habibo alikuwa anafuta vumbi kwenye buibui lake. Jattani akaenda.

Akko alirudi ndani polepole, akapanda kitandani, akajifunika shali.

"Haya, washa hiyo kitu," alisema. "Lakini ng'ombe usiniwekee. Leo sitaki kumwona ng'ombe."

Habibo aliiwasha. Ikaamka ikidhani ni mwaka wa zamani. Akasubiri, akafungua mahali alipohifadhi video zote, akaanza kupekua. Harusi: ng'ombe wa mahari wakipitishwa katikati ya wageni. Watoto wa shule: wanaimba, na nyuma yao kundi zima linavuka. Akafungua nyingine, na nyingine. Alikuwa ametumia miezi kukusanya Korbesa, na Korbesa ilikuwa hivyo.

"Imekataa tena?" Akko akauliza.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Mashine ilikuwa inakoroma, ingemchukulia lawama bila kulalamika.

"Haijakataa," Habibo alisema. "Zote zina ng'ombe, Akko. Hakuna hata moja isiyo na ng'ombe."

"Hata ya mvua?"

"Hata ya mvua. Yuko ndama mmoja anapita mwishoni."

Akko alijilaza ubavu, uso kuelekea skrini.

"Weka ya mvua," alisema. "Akipita, nitafumba macho."